Kuvuna Mpunga Wakati Ugonjwa wa Kuambukiza Umeingia

Maneno haya ni kwa wakulima wa Kasongo na Kabambare, wanaume na wanawake, na kwa makapita wanaosimamia kazi za shamba. Asiyejua kusoma asomewe na mwanawe.

1. Shida yenyewe

Mpunga ukiiva haungoji mtu. Masuke yakikauka sana, punje huanguka chini. Ndege huja makundi makundi, na panya huja usiku. Mpunga uliochelewa kukatwa, hata ukifika nyumbani, huvunjika katika kinu, na chenga hazina bei sokoni. Kwa hiyo watu wa nchi yetu tangu zamani huvuna kwa kusaidiana: leo watu wengi katika shamba la huyu, kesho katika shamba la yule. Mpunga uliletwa Kasongo na watu wa pwani katika siku za misafara, zaidi ya miaka 130 iliyopita, na desturi ya kuukata pamoja imekaa sana.

Lakini ugonjwa wa kuambukiza nao hupenda watu wengi pamoja. Hupenda watu wanaokunywa katika kilauri kimoja, wanaolala katika kibanda kimoja, na wanaopeana kisu kimoja. Basi wakati ugonjwa mkubwa umeingia, mkulima huona njia mbili mbaya mbele yake. Akienda shambani na watu wengi, labda ataleta ugonjwa nyumbani. Akikaa nyumbani, mpunga utapotea, watoto wataona njaa, na mbegu ya mwaka ujao haitakuwapo.

Iko njia ya tatu. Ni kuvuna, lakini kuvuna kwa mpango mwingine.

2. Mambo yaliyokwisha kutokea

Katika mwaka 1918 na 1919 mafua makuu yalipita katika dunia nzima. Yalifika Kongo kwa meli na kwa reli, yakaua watu wengi mno. Mafua ya siku zote huua zaidi watoto wadogo na wazee, lakini mafua yale yaliua sana watu wenye nguvu, wa miaka 20 hadi 40, yaani wale wale wanaoshika jembe na kisu. Kule Ugogo, katika Tanganyika, mafua yaliwakuta watu wamekwisha dhoofika kwa njaa kubwa waliyoiita Mtunya, iliyokuwa kati ya mwaka 1917 na 1920. Njaa na ugonjwa ni ndugu: huyu akiingia, humfungulia mwenzake mlango.

Katika mwaka 2020 ulikuja ugonjwa wa korona. Mgonjwa wa kwanza katika Kongo alijulikana Kinshasa tarehe 10 mwezi wa 3. Tarehe 24 ya mwezi ule ule Rais alitangaza hali ya hatari, na safari kati ya Kinshasa na majimbo zikafungwa.

Kisha ikaja ndui ya nyani, ambayo waganga huiita mpox. Ugonjwa huu si mgeni katika Kongo. Mtu wa kwanza kujulikana ameupata alikuwa mtoto mchanga wa Équateur, mwaka 1970. Lakini tangu mwezi wa 9 wa mwaka 2023, katika Kamituga, mji wa machimbo ya zahabu wa Kivu ya Kusini, ilionekana aina nyingine inayoenea upesi kati ya mtu na mtu. Tarehe 14 mwezi wa 8 mwaka 2024 Shirika la Afya la Dunia lilitangaza hatari kwa dunia yote. Tangazo lile liliondolewa mwezi wa 9 mwaka 2025, lakini ugonjwa wenyewe haukuondoka siku ile. Na ninyi watu wa Kabambare mnajua kwamba Salamabila nayo ni nchi ya zahabu, na wachimbaji huenda na kurudi kutoka machimbo haya hadi machimbo yale. Wakati wa mavuno wengi hurudi kwao kusaidia kazi. Si vibaya kurudi. Lakini sharti tujue namna ya kuwapokea.

Tena kuna kipindupindu, ambacho hurudi mara kwa mara katika nchi za mashariki ya Kongo.

3. Njia tatu za ugonjwa

Mtu asiyejua njia ya mwizi hawezi kufunga mlango wake. Magonjwa haya yana njia tatu.

Njia ya kwanza ni pumzi. Hii ndiyo njia ya korona na mafua. Mgonjwa akikohoa, akisema kwa nguvu au akiimba, matone madogo sana hutoka kinywani mwake, na mwenzake huyavuta. Ndani ya nyumba iliyofungwa matone haya hukaa hewani. Mahali pa wazi upepo huyachukua. Mtu huweza kuugua siku 2 hadi 14 baada ya kuambukizwa, na huweza kuambukiza wengine kabla hajajisikia mgonjwa.

Njia ya pili ni ngozi. Hii ndiyo njia kubwa ya ndui ya nyani. Ugonjwa hukaa katika vipele, katika maji yake na katika magaga yake. Humwambukiza mtu anayemgusa mgonjwa, anayelala naye, au anayetumia nguo, mkeka na blanketi lake. Ugonjwa huonekana siku 3 hadi 21 baada ya kuambukizwa. Mgonjwa huambukiza mpaka magaga yote yameanguka na ngozi mpya imeota chini yake; mara nyingi ni majuma 2 hadi 4.

Njia ya tatu ni kinywa. Hii ndiyo njia ya kipindupindu. Vijidudu vyake hutoka katika mavi ya mgonjwa, huingia katika maji au chakula, kisha katika tumbo la mtu mwingine. Huweza kuonekana baada ya saa chache tu, au hata siku 5.

Kila shauri linalofuata hufunga moja ya njia hizi. Ukisahau shauri, kumbuka njia: pumzi, ngozi, kinywa.

4. Kugawa watu katika makundi madogo

Hili ni shauri kubwa kuliko yote. Tufanye hesabu.

Tuseme kuna mashamba 4 yaliyo sawa, na watu 20. Kwa desturi watu wote 20 huingia shamba la kwanza na kulimaliza kwa siku moja. Kesho huingia la pili. Baada ya siku 4 kazi imekwisha. Sasa gawanya watu wale wale katika makundi 4 ya watu 5, kila kundi shamba lake. Kila kundi litamaliza shamba lake kwa siku 4. Kazi ni ile ile, na siku ni zile zile.

Lakini tazama tofauti. Mtu mmoja akiugua katika desturi ya kwanza, watu 19 wamekuwa karibu naye. Katika desturi ya pili ni 4 tu. Makundi mengine 3 huendelea na kazi, tena huweza kumaliza shamba la wenzao waliosimama.

Katika mpango huu shamba lililotangulia kuiva litakwisha siku 3 nyuma ya desturi. Kwa hiyo msingoje mpaka shamba lote limekuwa jeupe. Sehemu 8 katika 10 za punje zikiwa na rangi ya majani makavu, anzeni kukata masuke yaliyoiva, na mengine yafuate.

Wawekeni katika kundi moja watu wa nyumba moja au wa nyumba zinazopakana, maana hao hukaa pamoja hata nyumbani. Mtu asihame kundi mpaka mavuno yamekwisha. Mjane na mzee asiye na watoto wasiachwe. Kapita awatie katika kundi, na shamba lao lihesabiwe kama mashamba mengine.

Desturi hii imejaribiwa mbali. Mwezi wa 4 mwaka 2020, Ujerumani iliwaleta kwa ndege wavunaji kutoka Romania, ingawa mipaka ilikuwa imefungwa, kwa maana mboga zilikuwa zinaharibika shambani. Agizo lilikuwa kwamba wageni katika siku 14 za kwanza wafanye kazi na kulala katika makundi yale yale, mbali na watu wengine. Nchi tajiri nayo iliona kwamba shamba halingoji.

Na mchimbaji au msafiri anayerudi kutoka mahali penye ugonjwa, apewe kazi ya peke yake katika siku za kwanza: kufukuza ndege, kutengeneza ghala, kupasua kuni. Ataleta faida, na hatakuwa katikati ya wengi. Kwa korona ni siku 14. Kwa ndui ya nyani ni siku 21. Kwa kipindupindu siku 5 hutosha.

5. Wakati wa kukata

Kila mkataji awe na kisu chake. Akitie alama kwa uzi au kwa moto, asikiazime. Kisu kikikosekana na lazima watu wawili wakitumie, kioshwe mpini wake kwa sabuni kwanza.

Kila mtu apewe njia yake katika shamba, mbali na mwenzake hatua 2 au 3. Wote waende upande mmoja. Wasikutane uso kwa uso.

Nyimbo za kazi ni nzuri, lakini ugonjwa wa pumzi ukiwako, imbeni mkiwa mbali mbali, au mwimbe wakati wa kupumzika mahali penye upepo.

Mafungu ya mpunga yawekwe chini, kisha mchukuzi ayaokote. Msipeane mkono kwa mkono.

6. Wakati wa kupiga na kupepeta

Hapa angalieni sana, maana vumbi la mpunga humkohoza kila mtu. Watu wote wakikohoa, nani atajua yupi ni mgonjwa? Hata mgonjwa mwenyewe husema, "Ni vumbi tu."

Kwa hiyo mtu aulizwe asubuhi, kabla vumbi halijaruka: Umelalaje? Una homa? Umekohoa usiku? Kuna kipele mwilini? Umeharisha? Anayejibu ndiyo arudi nyumbani.

Pigeni mpunga nje, kamwe si ndani ya nyumba. Wapigaji na wapepetaji wasimame upande unakotoka upepo, vumbi liende mbele yao. Kila mtu afunge kitambaa safi juu ya pua na kinywa. Kitambaa hiki hukinga na vumbi, na huzuia matone ya kikohozi. Jioni kifuliwe kwa sabuni na kuanikwa juani.

Mtu mwenye vipele asiupige mpunga kwa miguu wala kwa mikono, na asilale juu ya magunia.

7. Maji, chakula na malofu

Maji ya kunywa yachemshwe nyumbani na kuletwa katika bidoni yenye kifuniko. Kila mtu alete kilauri chake. Usitie kilauri ndani ya bidoni, mimina.

Karibu na mahali pa kula wekeni bidoni ya pili, yenye tundu dogo na kijiti cha kuziba, ya kunawia mikono. Maji bila sabuni hayatoshi. Sabuni ikikosekana, tumieni majivu safi ya jikoni.

Katika nchi yetu watu wengi hula katika sahani moja, na ni alama ya upendo. Wakati wa ugonjwa, upendo ni kumpakulia kila mtu sehemu yake. Ugali, sombe na samaki viliwe vikiwa moto. Malofu nayo yasipite kinywa kwa kinywa katika kibuyu kimoja.

Chimbeni choo kabla ya siku ya kwanza ya mavuno, mbali na kijito au kisima hatua 40 au zaidi. Shamba lenye watu na lisilo na choo ni mwanzo wa kipindupindu.

8. Vibanda na wanyama wa shambani

Mashamba mengine ni mbali, na watu hulala kule. Jengeni vibanda vidogo vingi, si kimoja kikubwa. Acheni nafasi ya upepo kupita. Kila mtu na mkeka wake na blanketi lake.

Katika mavuno panya na kindi hujaa, na watoto huwatega. Katika mwaka 1985 waganga waliupata ugonjwa wa ndui ya nyani katika mwili wa kindi mmoja wa mwituni, hapa hapa Kongo. Basi mnyama aliyeonekana amekufa mwenyewe, au anayetembea kama mlevi, asiguswe na asiliwe. Mwenye kumchuna mnyama mzima anawe mikono kwa sabuni, na nyama ipikwe sana.

Tena si kila homa ni ugonjwa mkubwa. Malaria iko siku zote. Katika vibanda vya zamani kuna papasi pia, na homa yao hurudi mara kwa mara. Daktari Dutton, Mwingereza aliyechunguza homa hiyo, alikufa kwayo Kasongo mwezi wa 2 mwaka 1905. Kwa hiyo mtu mwenye homa asihukumiwe na majirani; apelekwe kwa mganga apimwe.

9. Mtu akiugua

Aache kazi saa ile ile. Akae peke yake kivulini, apewe maji. Mtu mmoja tu amhudumie, aliyefunga kitambaa usoni na anayenawa mikono kila mara. Apelekwe kituo cha afya, na kapita apeleke habari. Kundi lake lisichanganyike na makundi mengine mpaka mganga ameamua.

Mwenye kuharisha kama maji ya mchele ana hatari ya kufa siku hiyo hiyo, kwa sababu mwili unakauka. Msingoje. Mpeni dawa ya maji ya kituo cha afya. Kama haipo, fanyeni hivi: maji safi litre 1, sukari vijiko vidogo 6, chumvi nusu ya kijiko kidogo. Vijiko visawazishwe, visijae kichwa. Anywe kidogo kidogo, hata njiani kwenda kwa mganga.

Anayevuta pumzi kwa shida, apelekwe upesi pia.

Mwenye vipele asivitumbue. Avifunike kwa nguo. Nguo zake zifuliwe peke yake kwa maji ya moto na sabuni. Na chanjo ikiletwa, kama ile ya ndui ya nyani iliyoanza kutolewa Goma mwezi wa 10 mwaka 2024, wasikilizeni waganga.

10. Ujira wa mgonjwa

Sasa sikilizeni neno ambalo wengi hulisahau. Mnaweza kuwa na sabuni, vitambaa na maji yaliyochemshwa, na ugonjwa ukapita katikati yenu. Kwa nini? Kwa sababu mgonjwa amejificha.

Mtu analipwa kwa kikapu. Asubuhi anaamka na homa. Anafikiri hivi: "Nikisema, watanirudisha nyumbani. Nikirudi nyumbani, sina mpunga wala franga, na watoto wangu watakula nini?" Basi anafunga kitambaa kichwani, ananyamaza na kwenda shambani. Si mtu mbaya. Ni mtu mwenye watoto. Lakini wazee walisema: mficha maradhi, kilio kitamfichua.

Kwa hiyo, kabla ya kuanza mavuno, mwenye shamba na wavunaji wapatane mbele ya kapita: atakayeugua atapata posho yake kila siku mpaka apone. Na katika kazi ya kusaidiana, shamba la mgonjwa litakatwa na wenzake kwa zamu yake, kama kwamba yeye yuko.

Mwenye shamba atasema, "Ni hasara." Afanye hesabu. Posho ya mtu mmoja kwa majuma mawili ni vipimo vichache vya mchele. Wavunaji wote wakiugua, hasara ni shamba zima.

Tena msimcheke aliyeugua, wala msiseme amelogwa au amefanya uasherati. Mtu aliyechekwa leo ni fundisho kwa wengine kesho: watajificha.

11. Maswali ya watu

Je, mpunga uliokatwa na mgonjwa utupwe? Hapana. Uanikwe juani mpaka punje iwe ngumu katika meno, utwangwe na kupikwa sana. Moto huua vijidudu. Hatari ni mtu, mikono, nguo na maji machafu. Si wali uliopikwa.

Je, mtu mwenye nguvu anaweza kuambukiza? Ndiyo. Kumbukeni mwaka 1918.

Je, pombe kali au moshi huzuia ugonjwa? Havizuii. Pombe humfanya mtu asahau mashauri yote haya.

Je, wazee waende kuvuna? Korona iliwaua wazee zaidi ya vijana. Wapewe kazi ya karibu na nyumbani: kuchagua mbegu na kulinda mpunga ulioanikwa.

12. Mwisho

Siku ya kwanza ya mavuno, kapita asimame mbele ya watu na kuuliza mambo saba: Makundi yamegawanywa? Kila mtu ana kisu na kilauri chake? Maji yamechemshwa? Sabuni iko? Choo kimechimbwa? Nani atampeleka mgonjwa kwa mganga, na kwa njia gani? Posho ya mgonjwa imepatanwa?

Kama majibu yote ni ndiyo, ingieni shambani. Kama moja ni hapana, litengenezeni kwanza. Kazi ya asubuhi moja haitapoteza mpunga. Na mavuno yakiisha, kabla hamjala na kuuza, wekeni mbegu kando, na kipimo kimoja kwa nyumba iliyopatwa na ugonjwa, maana mwaka ujao mtahitaji mikono yao.